Kwa Nini Deki ya VCD Haikukwama, na Kompyuta Inakwama?

Najua mmezoea kukuta hapa habari za mbegu, mbolea na bei ya maharage, lakini tangu mavuno yaishe maswali mengi yanayonifikia ni ya kompyuta. Mfanyabiashara mmoja wa Laela, mwenye duka la kujaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi, aliniambia anataka kuuza mahindi aliyohifadhi ili anunue kompyuta nyingine. Ile aliyonayo video zinakwamakwama: sauti inakwenda, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Akaongeza kwamba deki yake ya VCD, ambayo siku hizi imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa, haikuwahi kumfanyia hivyo hata siku moja, na aliinunua kwa bei ndogo sana kuliko kompyuta. "Sasa Bwana Shamba, haya mambo yanakwenda mbele au yanarudi nyuma?"

Ni swali la haki, na jibu lake limo katika historia ya hizi picha zenyewe. Kabla hujapakia gunia hata moja kwenye gari kwa ajili ya kompyuta mpya, soma kwanza.

Tuanzie Vugiri, milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha pale mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi walikuwa Latham na Notcutt. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 walikuwa wametoa filamu 35 hivi. Moja ilihusu minyoo ya safura, nyingine kuweka akiba posta, nyingine mashamba ya wakulima wadogo wa Kingolwira, Morogoro. Lori lilibeba projekta na jenereta, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kwa hiyo hii kazi yangu ya kuwabebea wakulima video ina umri wa miaka tisini, ingawa mimi sina lori.

Filamu ile ilikuwa utepe wenye upana wa milimita 16, na kila picha ilikuwa kamili, unaiona kwa macho ukiinua utepe juani. Projekta haikupiga hesabu yoyote. Ilivuta utepe, ikasimamisha picha mbele ya taa, ikavuta nyingine. Filamu bubu zilizoeleka kwenda kwa picha 16 hivi kwa sekunde, zenye sauti zikawa 24, na televisheni ya mfumo tunaoutumia sisi ikawa 25. Picha ikikwama, fundi alijua pa kuangalia: tundu la pembeni limechanika, vumbi limeziba, au jenereta limechoka. Sauti ya filamu za Vugiri ilitoka kwenye santuri iliyochezeshwa kando, tena kwa lugha mbalimbali. Utepe ukikatika na fundi akaunga kwa kutupa kipande kidogo, santuri haina habari. Inaendelea kusema ya kwake, na kuanzia hapo mdomo na maneno haviko pamoja. Mnaolalamika kwamba sauti inaitangulia picha, mjue ni ugonjwa wa zamani.

Hapa nichomekee jambo moja. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Basi wakatengeneza filamu za polepole kwa makusudi. Ilikuwa dharau tu, kwani hao hao waliodhaniwa hawawezi ndio watoto wao walijaa kwenye mabanda ya video kutazama mateke ya Kichina bila kupitwa na hata moja.

Baada ya Uhuru, Zanzibar walianza televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970. Bara tulibaki na redio mpaka mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Katikati hapo zikaja kanda za video, lakini kwa suala letu kanda ni ndugu wa utepe: mashine inasoma na kuonyesha, haifikirii.

Mashine ya kufikiri ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine zilizofungwa kwa ajili ya hesabu za Wizara ya Fedha kuleta hasara na vurugu. Ukikumbuka uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ile, sioni cha kulaumu, ila mlango ule haukufunguliwa sawasawa mpaka kuelekea miaka ya 1990. La pili, Januari ya mwaka huohuo, Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Kansas, Marekani, pamoja na wenzake Natarajan na Rao, walichapisha njia ya hesabu ya kubana picha. Karibu kila video unayoiona leo kwenye simu yako inatumia hesabu hiyo au ya jamii yake.

Kwa nini kubana? Tupige hesabu kidogo. Video ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta zaidi ya milioni mbili kwa kila picha. Kila nukta inahitaji namba tatu za rangi, hivyo picha moja ni megabaiti 6 na kidogo. Zidisha kwa picha 25 unapata megabaiti 155 kwa sekunde moja. Flashi ya gigabaiti 8 ingejaa kabla dakika haijaisha. Bila kubana, yule ndugu wa Laela asingekuwa na biashara.

Kubana kunafanyika kwa hatua mbili kubwa. Kwanza, picha inakatwa vipande vidogo vya mraba, kwa mfano nukta 8 kwa 8, na kila kipande kinapepetwa kama ulezi kwenye ungo: yale ambayo jicho linayaona vizuri yanabaki, madoido ambayo jicho halishtuki yakikosekana yanapeperushwa. Ndiyo maana video ikiharibika unaona viraka vya mraba. Pili, picha zinazofuatana hazifanani kwa mengi? Mtu anayeongea mbele ya shamba, shamba haliendi popote. Basi faili linahifadhi picha moja kamili, halafu kwa zinazofuata linaandika kilichobadilika tu. Ni kama ripoti yangu ya kila wiki kwa wilaya: ya kwanza naeleza kila kitu, zinazofuata naandika mabadiliko. Ripoti moja ikipotea njiani, zote zinazoifuata hazieleweki mpaka nitakapoandika nyingine kamili. Ndivyo picha inavyochafuka ghafla, ikabaki chafu sekunde kadhaa, kisha ikatakata yenyewe.

Sasa anayefungua hayo yote arudishe picha kamili, mara 25 kila sekunde, ni nani?

Wote mnakumbuka 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Televisheni nzima, kioo kizima, lakini bila king'amuzi huoni kitu. King'amuzi ni kifaa kinachojua kufungua lugha ya video na hakijui kingine. Hakiwezi kuandika barua wala kupiga hesabu za duka. Kwa kazi yake hiyo moja, ni fundi asiyechoka.

Deki ya VCD nayo ilikuwa na king'amuzi, kimefichwa tu ndani. Kiwango cha VCD kilitoka mwaka 1993, na lugha yake ya kubana inaitwa MPEG-1. Picha yake ilikuwa ndogo, nukta 352 kwa 288, na diski moja ilibeba dakika 74. Ndiyo sababu filamu ilikuja kwa diski mbili na mtu alilazimika kuinuka katikati ya utamu. Mwaka huohuo wa 1993 kampuni ya Wanyan ya China ilitoa deki ya VCD ya nyumbani, ndani yake mkiwa na chipu za kampuni ya C-Cube ya Marekani. Chipu hizo zilitengenezwa kufungua MPEG-1 basi. Wachina wakazalisha deki kwa wingi, bei ikashuka, na deki hizo zikatufikia. Filamu za kina Kanumba na zile zilizotafsiriwa na Lufufu zilisambaa nchi nzima kwa mgongo wa chipu hiyo.

Wazee wa Ufipa wataelewa jambo hili upesi. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma ambayo mabaki yake bado yapo kwenye uwanda wetu, hayakuendeshwa na kila mpita njia. Yalikuwa na mafundi wake, wenye kazi hiyo na miiko yake. Deki ya VCD ni fundi wa malungu. Prosesa ya kompyuta ni kijana hodari anayeweza kulima, kuendesha pikipiki na kuandika barua, lakini ukimpa tanuru atahangaika.

Na amehangaika tangu zamani. Miaka ya 1990 kompyuta nyingi za Ulaya na Marekani zenyewe zilikwama kucheza MPEG-1, watu wakanunua kadi ya ziada yenye chipu ya kufungulia. Prosesa zikakua, tatizo likaisha. Ikaja DVD na MPEG-2 yake, tatizo likarudi, likaisha. Mwaka 2003 ikatoka lugha inayoitwa H.264, inayobana zaidi kwa kupiga hesabu nyingi zaidi. Kompyuta zikakwama tena, mpaka chipu zake zilipoanza kuwekwa ndani ya kompyuta za kawaida. Mwaka 2013 ikatoka H.265, ambayo kwa ubora uleule faili linaweza kupungua hadi karibu nusu. Chipu ya kuifungua ilianza kuingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2015. Kuanzia 2017 simu za iPhone zikaanza kurekodi kwa H.265, na simu nyingi nyingine zina uwezo huo.

Sasa angalia kompyuta tunazonunua huku. Nyingi ni zilizotumika ofisini nje ya nchi, na hadi leo zipo zenye prosesa ya Core 2 Duo, ukoo ulioanza kuuzwa 2006. Mtoto wa mtu anarekodi harusi Dar es Salaam kwa simu ya mwaka jana, anatuma kwa flashi, baba anafungua kwa mashine ya umri wa kijana wa sekondari. Faili limeandikwa kwa lugha ambayo wakati mashine inatengenezwa haijazaliwa. Hakuna king'amuzi ndani, prosesa inabeba mzigo wote peke yake. Kwa picha 25 kwa sekunde, kila picha ina muda wa milisekunde 40. Prosesa ikihitaji 60, lazima iruke baadhi. Hapo ndipo mnaposema inakwama. Kama simu ilirekodi kwa ukubwa wa 4K, nukta ni mara nne, na hapo hata mashine za baadaye kidogo zinalia.

Mtaniuliza inamhusu nini mkulima. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuguswa. Ukimfundisha mtu kumtambua kiwavi huyo, unamwonyesha alama kama Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Nimeshuhudia kikundi cha wakulima kikitazama video ya somo hilo kwenye kompyuta ya kuazima. Sauti ilikwenda safi. Picha iliganda kwenye uso wa mtaalamu, na ilipozinduka kiwavi ameshapita, pamebaki viraka vya mraba. Mama mmoja akauliza madoa manne ndiyo yale? Alikuwa anaonyesha viraka. Mtu akitoka hapo na kwenda kununua sumu kwa mdudu asiye huyo, hasara ni ya msimu.

Basi namna ya kutafuta ugonjwa ni hii. Wakati video inacheza, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la kuonyesha nani anafanya kazi gani. Tazama panapoandikwa CPU. Ikiwa iko karibu na asilimia 100 na video inakwama huku sauti ikiendelea, prosesa imeelemewa, na historia niliyoeleza hapo juu ndiyo ya kwako. Kama CPU imetulia lakini Disk ndiyo imefika 100, kagua hadi diski au flashi. Nakili faili kutoka kwenye flashi kwenda ndani ya kompyuta kisha ucheze kutoka huko; flashi bandia zimejaa madukani na zinasoma kwa kusuasua. Mara nyingine utakuta programu nyingine kabisa ndiyo inayokula mashine, mara nyingi masasisho ya Windows au kirusi. Isimamishe.

Video ikianza vizuri halafu ikakwama baada ya dakika kumi au kumi na tano, hilo ni joto. Prosesa ikichemka hupunguza mwendo yenyewe isiungue. Kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba, vumbi letu linaingia kwenye feni mpaka linakuwa kama pamba. Zima, chomoa umeme, fungua, safisha kwa brashi laini. Baridi ya Sumbawanga haisaidii kitu kama feni haivuti hewa. Na kama ni laptopu inayokwama ikiwa kwenye betri tu, angalia mipangilio ya umeme. Imewekwa kubana matumizi.

Video za intaneti zina hesabu yake. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika pwani yetu mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, na kale kaduara kanakozunguka kalikuwa jambo la kawaida. Kaduara kakizunguka leo, lawama ni ya mtandao: punguza ubora hadi 360 au 480, au pakua usiku. Lakini kama hakuna kaduara na picha inarukaruka, usilaumu bando. YouTube hutuma video nyingi kwa lugha inayoitwa VP9, ya mwaka 2013 pia, na mashine ya zamani haina king'amuzi chake. Kupunguza ubora kunasaidia hapa vilevile, kwa sababu nukta zinapungua.

Kwa mafaili ya dukani, tumia VLC. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha Paris waliotaka mtandao wa kasi zaidi chuoni, na mwaka 2001 ikaachiwa kwa wote bure, usikubali kuuziwa. Ukiwa unacheza video, bonyeza Ctrl na J. Itakuonyesha lugha ya faili na ukubwa wa picha. Ukiona HEVC au H265, umempata mchawi wako. Hiyo HEVC ndiyo H.265 kwa jina lingine.

Dawa yake ni ya bei rahisi. Mwenye simu aingie kwenye mipangilio ya kamera achague H.264, kwenye simu nyingine huitwa inayokubalika zaidi, na arekodi kwa 720 au 1,080. Kwa faili ambalo tayari unalo, pakua programu ya bure ya HandBrake, chagua H.264 na ukubwa wa 720, bonyeza ianze. Matoleo yake mapya yanataka Windows 10 au 11. Mwenye Windows ya zamani anaweza kubadilisha kwa VLC yenyewe, Ctrl na R. Ndugu wa Laela alifanya hivyo kwa filamu anazouza sana na mahindi yake bado yako stoo, anasubiri bei ya Januari.

Mashine ya zamani itachukua muda mrefu kuliko urefu wa video yenyewe, mara kadhaa, kwa hiyo iache usiku. Chomeka chaja kama ni laptopu. Faili la mwanzo usilifute mpaka umetazama lile jipya hadi mwisho, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, faili jipya mara nyingi halifunguki kabisa na itabidi uanze upya.